Mkuu Mpya, Ratiba Ileile: Namna Wafanyakazi wa Mashirika ya Ndege Wanavyowapima Viongozi Wao

Mnamo Oktoba 2016, chama cha marubani wa Kenya Airways, KALPA, kilitoa notisi ya mgomo ambayo kiini chake hakikuwa mshahara wala marupurupu. Kilichotakiwa ni watu wawili waondoke: mwenyekiti wa bodi, Dennis Awori, na afisa mkuu mtendaji, Mbuvi Ngunze. Kampuni ilikuwa imetangaza hasara ya shilingi bilioni 26.2 za Kenya kwa mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2016, juu ya hasara ya bilioni 25.7 ya mwaka uliotangulia, na marubani walishikilia kwamba walioiongoza kampuni ikiwa inadidimia hawawezi kuwa ndio watakaoinyanyua. Kabla mwezi huo haujaisha Awori alikuwa ameng'atuka, nafasi yake ikachukuliwa na Michael Joseph aliyewahi kuiongoza Safaricom, na mgomo ukasitishwa. Ngunze naye alitangaza baadaye kwamba ataondoka, na mwaka 2017 akaondoka.

Ni rahisi kulisoma tukio hilo kama ushindi wa wafanyakazi dhidi ya wakubwa, lakini ukilitazama kwa makini utaona fundo lenye nyuzi kadhaa. Marubani hawakuwa na kura yoyote katika uamuzi huo. Kumwajiri na kumwachisha kazi afisa mkuu mtendaji ni jukumu la bodi ya wakurugenzi, na bodi yenyewe huwekwa na wanahisa. Tena, kipindi hicho serikali pamoja na mabenki yaliyoikopesha kampuni walikuwa katika safari ndefu ya kuyapanga upya madeni, na katika mazungumzo ya namna hiyo suala la nani ataongoza haliwezi kukwepwa. Shinikizo la marubani lilikutana na haja ya wenye fedha. Peke yake pengine lisingefika mbali. Hata hivyo, wafanyakazi ndio waliolitamka hadharani, na hilo linatulazimisha kuuliza sauti yao hutoka wapi, hupima nini hasa inapompima kiongozi, na kwa nini mara nyingi husikika mambo yakiwa yameshaharibika.

Tuanze na sheria, kwa sababu inaeleza mengi kuliko watu wanavyodhani. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Haki hiyo imewekewa utaratibu na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, ambayo inataka mgogoro uwe unahusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, upatanishi uwe umejaribiwa bila mafanikio, na notisi ya maandishi ya siku saba iwe imetolewa. Sharti la kwanza ndilo lenye uzito hapa. Maana yake ni kwamba mfanyakazi anaweza kugoma kwa sababu ya akiba yake ya uzeeni, lakini akigoma kwa sababu haamini uwezo wa mkuu wake, anasimama mahali ambapo sheria haimkingi. Maoni kuhusu uongozi, kwa hiyo, hayana mlango wao wenyewe wa kuingilia. Huingia kupitia mlango wa malipo, wa zamu, wa likizo, wa nidhamu, na anayesikiliza kutoka ghorofa ya juu husikia madai ya fedha tu.

Mgomo wa Novemba 2022 unaonyesha jambo hilo vizuri. Marubani waliacha kazi tarehe 5 mwezi huo, wakataka, pamoja na mengine, kampuni irejeshe michango yake katika mfuko wa akiba ambayo ilikuwa imesimamishwa wakati wa janga la korona. Abiria zaidi ya 10,000 walikwama, serikali ikakasirika hadharani, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamuru marubani warudi kazini asubuhi ya tarehe 9. Sisemi kwamba dai la akiba lilikuwa kisingizio. Fedha za uzeeni ni fedha za watu, na mtu aliyekubali kukatwa mshahara mwaka 2020 ili kampuni isife ana haki ya kuuliza zitarudi lini. Ninachosema ni kwamba mgogoro wa namna hiyo haulipuki mahali ambapo wafanyakazi wanaiamini ahadi ya kiongozi. Mwajiri anapomwambia mfanyakazi, "Tutalipa mambo yakitengemaa," mfanyakazi hupiga hesabu mbili kwa pamoja: ya shilingi anazodai, na ya mtu anayemwahidi. Hesabu ya pili ndiyo huamua kama ya kwanza inaweza kusubiri.

Neno "wafanyakazi" lenyewe linaficha tofauti kubwa, na makala nyingi kuhusu migogoro ya mashirika ya ndege hupotoka papa hapa. Mwaka 2022 marubani wa Kenya Airways walikuwa takriban 400, sehemu ndogo tu ya wafanyakazi wote, lakini ndio wanaoweza kuisimamisha kampuni kwa siku moja. Sababu ni ya kiufundi. Leseni ya rubani hufungamana na aina ya ndege, na nahodha wa Boeing 737 haruhusiwi kuketi kwenye usukani wa Boeing 787 mpaka apate mafunzo na kupimwa upya kwa aina hiyo. Mwajiri hawezi kutangaza nafasi Ijumaa akapata mbadala Jumatatu. Mhudumu wa ndani ya ndege, mpakiaji mizigo na karani wa kaunta hawana kinga hiyo, kwa hiyo maoni yao kuhusu uongozi, hata yakiwa makali kuliko ya marubani, hayasikiki mpaka yafike mahakamani au yageuke barua za kuacha kazi. Wahandisi na mafundi wako katikati: wachache, wenye leseni, wanaohitajika katika kila nchi yenye uwanja wa ndege, na wengi wao huonyesha msimamo wao kwa kuhamia mashirika ya Ghuba bila kutoa tamko lolote. Kiongozi anayesema kwamba tatizo lake ni marubani tu, mara nyingi anawaona wale wanaoweza kumzuia, na hawaoni wale wanaomwacha.

Sasa, wafanyakazi hawa humpimaje mkuu wao? Wasomi wa uongozi watazungumzia maono, mkakati na utamaduni wa kazi. Mhudumu wa ndege huangalia ratiba ya zamu. Karibu na mwisho wa mwezi ratiba ya mwezi unaofuata hutoka, naye huifungua kwenye simu akiwa jikoni kwake au ndani ya basi la wafanyakazi, na kabla hajapanga ni nani atakayempeleka mtoto kliniki, ameshausoma mpango wa kampuni. Akiona siku za kukaa akiba, yaani kusubiri kuitwa kazini, zimeongezeka na safari zimepungua, anajua kwamba ndege zimesimama. Akiona safari ya usiku kwenda Afrika Magharibi imefuatwa na pumziko fupi kabisa linaloruhusiwa na kanuni, anajua watu hawatoshi. Akiona kituo kipya kimeingizwa, kisha baada ya miezi michache kimetoweka, anajua kwamba uamuzi ule ulifanywa bila hesabu. Hotuba ya mkuu mpya kuhusu ukuaji humfikia baadaye, na huilinganisha na ratiba iliyo mkononi mwake. Zikitofautiana, huamini ratiba.

Fundi naye ana kipimo chake, na hiki hakidanganyiki. Ndege inapokosa kipuri na fedha za kukinunua hazipo, au kiwanda hakina cha kuuza, hutolewa kipuri kutoka ndege iliyosimama kikafungwa kwenye ile inayotakiwa kuruka. Kazi moja inakuwa kazi mbili: kukitoa huku kikiandikwa, kukifunga kule kikipimwa, na kila hatua inatiwa sahihi na mtu ambaye leseni yake itaulizwa kukitokea jambo. Baadaye kipuri kipya kikifika, kazi hurudiwa kwa ile ndege iliyovuliwa. Fundi anayefanya hivyo mara moja kwa mwezi haoni ajabu. Anayefanya hivyo kila wiki anajua hali ya fedha ya kampuni kabla mhasibu hajaiweka kwenye jedwali. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika shirika la ndege kata ziko karakana, ziko kwenye eneo la maegesho ya ndege, ziko kwenye kaunta ambapo abiria wenye hasira hupokelewa na msichana wa miaka 24 asiyejua ndege itaondoka saa ngapi. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025, Kenya Airways ilipata hasara ya takriban shilingi bilioni 12, sababu kubwa ikiwa ni kusimama kwa ndege tatu aina ya Boeing 787 Dreamliner zilizokosa injini. Hilo lilitangazwa Agosti. Waliokuwa wakizipita ndege hizo kila asubuhi wakielekea kazini hawakuhitaji kungoja Agosti.

Hapa ndipo kumbukumbu inapoingia. Wafanyakazi hukaa miaka 20 au 30; wakuu wengi hukaa michache. Kwa hiyo kila kiongozi mpya hurithi madeni ya maneno yaliyosemwa na mtangulizi wake. Mwaka 2012 Kenya Airways ilizindua mpango wa miaka 10 ulioitwa Mawingu, uliolenga kuongeza ndege kutoka 34 hadi zaidi ya 100 ifikapo mwaka 2021, na mwaka huohuo ikakusanya shilingi bilioni 14.5 kwa kuwauzia wanahisa hisa za ziada. Miezi michache baadaye, takriban wafanyakazi 600 walipunguzwa kazini. Chama chao kilikwenda mahakamani na kikashinda. Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha ushindi huo mwaka 2014. Wataalamu wa fedha wanaweza kueleza kwamba kununua ndege na kupunguza watu si lazima kupingane, na katika vitabu vya hesabu huenda ni kweli. Aliyeona mwenzake wa zamu akikabidhi kitambulisho getini wiki ambayo picha za ndege mpya zilikuwa zimebandikwa ukutani, hawezi kuelezwa hilo akaelewa. Tangu siku hiyo, neno "mkakati" likitamkwa, yeye husikia "nani anafuata".

Haki inataka niseme pia kwamba hasara zilizofuata hazikuwa za mkuu mmoja. Agosti 2013 jengo la kufikia abiria wa kimataifa katika Uwanja wa Jomo Kenyatta liliteketea kwa moto. Septemba mwaka huohuo kukawa na shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na watalii wakapungua. Mwaka 2014 homa ya Ebola ilisababisha safari za Liberia na Sierra Leone kusitishwa, wakati ambapo ndege kubwa zilizoagizwa zamani zilikuwa ndiyo kwanza zinafika na malipo yake yameanza kudaiwa. Mwaka 2016 kampuni iliuza nafasi yake ya kutua katika uwanja wa Heathrow, London, kwa dola milioni 75. Kiongozi yeyote angejikwaa katika njia hiyo. Wafanyakazi wengi wanalijua hilo, kwa kuwa wao ndio waliofanya kazi ndani ya mahema baada ya moto. Wanachohoji ni jambo jingine: walipoona mambo yanakwenda mrama, wangemwambia nani?

Swali linaloulizwa kila nafasi ya ukuu inapokuwa wazi ni kama aletwe mtu wa ndani au wa nje. Kwa maoni yangu swali hilo limewekwa vibaya, na historia ya Kenya Airways yenyewe inalivunja. Titus Naikuni aliingia mwaka 2003 akitokea nje kabisa. Alikuwa ameiongoza Magadi Soda na kuwa katibu mkuu katika Wizara ya Uchukuzi. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya neema, faida ikifika takriban shilingi bilioni 4.8 katika mwaka ulioishia Machi 2006. Mgeni huyo alikubalika. Aliyemrithi mwishoni mwa 2014, Mbuvi Ngunze, alikuwa ameshakaa ndani kwa miaka mitatu kama afisa mkuu wa uendeshaji, baada ya kutoka katika biashara ya saruji. Kwenye karatasi huo ulikuwa urithishaji wa kupigiwa mfano: mtu ameandaliwa, amejifunza, amepewa kiti. Lakini huyo ndiye ambaye marubani walimtaka aondoke, kwa sababu machoni mwao kuwa ndani kwa miaka hiyo mitatu kulimaanisha kuwa sehemu ya mpango ulioshindwa. Halafu akaja Sebastian Mikosz mwaka 2017, aliyekuwa ameliongoza shirika la LOT la Poland. Mtaalamu wa sekta yenyewe, mgeni wa nchi. Chini yake ilianza safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, tarehe 28 Oktoba 2018, jambo ambalo wafanyakazi walijivunia kwa haki. Kukawa pia na manung'uniko kuhusu wataalamu wa kigeni walioletwa, na mwisho wa 2019 akaondoka kabla mkataba wake haujakwisha. Januari 2020 Allan Kilavuka, ambaye alikuwa akiiongoza kampuni tanzu ya Jambojet, akashika nafasi hiyo kwanza kama kaimu, na miezi miwili baadaye dunia ikafunga anga zake.

Ukiwaweka watu hao wanne kwenye mstari mmoja, ugeni na uenyeji havikupi jibu. Jibu linaanza kuonekana ukiuliza kila mmoja alikuta nini alipofungua mlango. Watatu wa mwisho walikuta nyumba inawaka. Na mtu anayeingia nyumba inayowaka hana nafasi ya kuuliza mafundi wamekuwa wakiona nini kwa miaka mitano. Anaita washauri, anakata gharama, anatafuta fedha. Wafanyakazi humwona kwa mara ya kwanza akiwa ameshika mkasi. Uhusiano unaoanza hivyo ni mgumu kuurekebisha hata kwa mtu mwenye nia njema, na naamini baadhi yao walikuwa nayo.

Kipindi cha ukaimu kinastahili neno lake, kwa sababu watu wa nje hukiona kama utaratibu wa kawaida wa ofisi. Kwa waliomo ndani ni kipindi cha kusimama. Meneja anayejua kwamba bosi wa sasa huenda asiwepo baada ya miezi sita hasaini jambo kubwa. Mazungumzo ya makubaliano ya pamoja kuhusu mishahara huahirishwa "mpaka mkuu athibitishwe". Mwenye ofa ya kazi Doha au Dubai huikubali. Bodi ikichukua muda mrefu kumtafuta mtu bora, inaweza kumpata akiwa bora kweli, na akakuta waliokuwa wamsaidie wameshaondoka.

Linganisha na Addis Ababa. Tewolde GebreMariam aliliongoza shirika la Ethiopian kuanzia mwaka 2011 mpaka Machi 2022, alipojiuzulu kwa sababu za kiafya. Kuondoka kwake hakukutarajiwa kwa wakati huo, lakini mrithi wake, Mesfin Tasew, alitangazwa karibu papo hapo. Mesfin aliingia katika shirika hilo mwaka 1984 akiwa mhandisi kijana, akapanda hadi kuwa afisa mkuu wa uendeshaji, kisha akatumwa kuiongoza ASKY, shirika la Afrika Magharibi ambalo Ethiopian ina hisa ndani yake. Girma Wake, aliyewatangulia wote wawili, alilelewa ndani, akaenda kufanya kazi Gulf Air, kisha akarejeshwa mwaka 2004 kuongoza. Mtindo unaonekana: mtu hukuzwa nyumbani, hupelekwa kuonja jikoni kwingine, kisha hurudi. Siku kiti kinapobaki wazi, wanaofaa kukikalia wanajulikana kwa sura na kwa kazi zao, na fundi wa karakana anaweza kusema, "Huyu nilifanya naye kazi usiku ule injini ya kulia ilipokataa."

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kule sauti ya mfanyakazi ni kubwa kuliko Nairobi. Shirika lile ni mali ya serikali kwa asilimia 100, na ukimya wa wafanyakazi katika kampuni ya namna hiyo hauwezi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa ni ridhaa. Walichonacho ni mwendelezo. Nairobi ina vyama vyenye nguvu, mahakama zinazosikiliza na magazeti yanayoandika, lakini haina mwendelezo. Ningependa kuona mahali penye vyote viwili.

Dar es Salaam iko katika hali nyingine tena. Mkuu wa Shirika la Ndege Tanzania huteuliwa na Rais, na wafanyakazi hupata habari za bosi wao mpya kwa njia ileile wanayopata wananchi wengine, yaani kwa taarifa ya Ikulu. Ladislaus Matindi aliliongoza kuanzia 2016 hadi 2024. Peter Ulanga aliyemfuata alitolewa katika shirika la simu la TTCL. Uteuzi huweza kumleta mtu hodari, ila haumwambii mtu wa karakana kwamba kazi yake nzuri inaweza siku moja kumfikisha juu.

Mfano unaonigusa zaidi uko Uholanzi, na una uhusiano wa moja kwa moja na Nairobi kwa kuwa KLM, shirika la ndege la nchi hiyo, ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka 1996. Mwanzoni mwa 2019 zilienea habari kwamba Pieter Elbers, mkuu wa KLM, huenda asiongezewe muda na uongozi wa juu wa kampuni mama ya Air France-KLM. Elbers alikuwa ameanza mwaka 1992 kama msimamizi wa upakiaji mizigo katika uwanja wa Schiphol. Wafanyakazi walikusanya takriban saini 25,000 wakitaka abaki, na akaongezewa muda. Si marubani peke yao waliotia saini. Walikuwamo watu wa idara zote. Hakuna aliyegoma, hakuna abiria aliyelala uwanjani. Mwaka 2022 alipoondoka, nafasi ilikwenda kwa Marjan Rintel, aliyekuwa akiongoza shirika la reli la nchi hiyo lakini ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi KLM kwa miaka mingi.

Upande wa pili wa kampuni hiyohiyo mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2018 Jean-Marc Janaillac, mkuu wa Air France-KLM, alichoshwa na migomo ya Air France, akaamua kuviruka vyama na kuwauliza wafanyakazi moja kwa moja kwa kura kama wanaukubali mpango wake wa mishahara. Alikuwa ameweka wadhifa wake rehani. Asilimia 55.44 walikataa, naye akajiuzulu Mei mwaka huo. Wengi huitaja kura hiyo kama somo kuhusu mishahara. Mimi naona kwamba swali la malipo liliulizwa, na watu wakajibu swali la uaminifu, kwa sababu kwa miaka mingi hawakuwahi kuulizwa hilo la pili. Mrithi wake, Ben Smith, alitoka Air Canada, na vyama vya Air France vilimpinga hata kabla hajawasili, vikisema haifai shirika hilo kuongozwa na mgeni. Kufikia Oktoba alikuwa ameshasaini nao makubaliano ya nyongeza ya asilimia 4. Upinzani dhidi ya mgeni ulikuwa wa kweli, lakini ulipungua kasi alipoketi mezani na kulimaliza jambo lililokuwa limekwama.

Ujerumani wameliandika jambo hili katika sheria tangu 1976: katika kampuni kubwa, nusu ya viti vya bodi ya usimamizi hushikwa na wawakilishi wa wafanyakazi, na bodi hiyo ndiyo humteua mtendaji mkuu. Katika Lufthansa, shirika la ndege la nchi hiyo, hiyo ni bodi ya watu 20. Carsten Spohr, mhandisi mwenye leseni ya urubani, aliteuliwa kwa njia hiyo na kuanza kazi Mei 2014. Hata hivyo marubani wake waligoma zaidi ya mara 10 katika miaka iliyofuata. Wapo wanaotumia migomo hiyo kusema kwamba kiti cha bodi hakisaidii. Sikubaliani nao. Migomo ile ilihusu pensheni na mishahara, mambo ambayo mwajiri na mwajiriwa watavutana siku zote. Haikuwa migomo ya kuhoji kama mtu yule anaijua kazi. Kiti cha bodi hakiondoi mgongano wa maslahi. Kinahakikisha kwamba kabla jina halijatangazwa, mtu anayejua ratiba ya zamu na vipuri vilivyovuliwa amekwisha kuuliza maswali yake chumbani.

Kwa Kenya Airways mlango wa namna hiyo uko nusu wazi, na watu wachache huutaja. Madeni yalipopangwa upya mwaka 2017, serikali ilibaki na asilimia 48.9 ya hisa, mabenki yakapata 38.1, KLM ikashuka hadi 7.8, na mpango wa hisa za wafanyakazi ukapewa takriban 2.4. Wafanyakazi, kwa maneno mengine, ni wenye mali. Biashara ya hisa za kampuni katika Soko la Nairobi ilisimamishwa Julai 2020 na kufunguliwa tena Januari 2025, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka minne hisa hizo hazikuweza kuuzwa sokoni hapo, na wengi wamezisahau. Asilimia 2.4 haiwezi kumweka mkurugenzi hata mmoja kwenye bodi. Inatosha kumpa mtu haki ya kusimama katika mkutano mkuu wa mwaka, mbele ya serikali na mabenki, akauliza kwa sauti na majibu yakaandikwa: mkuu wa sasa akiondoka kesho, ni watu gani watatu ndani ya kampuni hii wanaoandaliwa, wameandaliwa kwa muda gani, na ni lini mara ya mwisho kila mmoja wao alikesha karakana.